Wagonjwa wa akili waliosema kwa sindano na uzi

MTU akitaka kumkejeli mwenzake hapa Tanzania Bara, humwambia kwamba mahali pake ni Mirembe. Zanzibar watasema Kidongo Chekundu, na Wakenya watasema Mathari. Hospitali tatu zilizowekwa kwa ajili ya kutibu zimegeuzwa matusi midomoni mwetu. Anayeyatamka hayo mara nyingi hajapata kujiuliza: watu walioishi ndani ya kuta hizo walivaa nini, walifanya kazi gani, na matunda ya kazi ile yalikuwa ya nani?

Katika kurasa za familia wiki hii tumeona ni vyema tuliingie jambo hili kwa mlango usiopitwa na wengi, nao ni mlango wa nguo: vitambaa, nyuzi na darizi zilizotoka mikononi mwa wagonjwa wa akili wa zama zilizopita. Tunaandika tukiwa tumewaweka mbele wasomaji wetu wa Ufipa, tangu Sumbawanga mjini hadi Kasesya mpakani mwa Zambia, ambako vitenge ni biashara ya kila siku, na ambako maradhi ya akili, kama ilivyo katika pembe nyingi za nchi yetu, bado ni siri inayofungiwa chumba cha uani.

Koti lenye maisha ndani yake

Katika mji wa Heidelberg, Ujerumani, kuna makumbusho yenye mkusanyo wa daktari mmoja aliyeitwa Hans Prinzhorn. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, daktari huyo aliziandikia hospitali za wagonjwa wa akili akiomba apelekewe kazi walizobuni wagonjwa wenyewe. Zikakusanywa maelfu, na mwaka 1922 akachapisha kitabu juu yake. Miongoni mwa vitu hivyo mna koti dogo la kike, la kitani ya kijivu, kitambaa kile kile walichovishwa wagonjwa.

Mwenye koti ni Agnes Richter, aliyezaliwa mwaka 1844. Alikuwa fundi wa kushona. Mwaka 1895 alifikishwa katika hospitali ya Hubertusburg, huko Saksonia, na hakutoka humo mpaka alipofariki mwaka 1918. Alilikata koti lile, akalishona, kisha akalijaza maandishi ya uzi wa rangi mbalimbali, ndani na nje, mstari juu ya mstari. Maneno mengi yamefifia kwa kuvaliwa na jasho, na wataalamu mpaka leo wanasoma vipande tu. Yanayosomeka yanataja vitu vidogo vidogo: koti lake, soksi zake, na namba 583, namba ya nguo zake katika dobi ya hospitali.

Na tulitafakari hilo la namba. Mwanamke aliyekuwa na jina, ufundi na wateja alijikuta akitambuliwa kwa tarakimu. Nguo ya hospitali ilikuwa ya wote, inafuliwa pamoja na kugawiwa upya. Kwa sindano aliigeuza ikawa yake. Hakuwa na karatasi ambayo mtu angejali kuisoma, basi akaandika juu ya kitu ambacho mwili wake haungeachana nacho.

Hakuwa peke yake. Katika mji wa Great Yarmouth, Uingereza, Lorina Bulwer aliwekwa katika wodi ya wagonjwa wa akili ndani ya nyumba ya mafukara, baada ya wazazi wake kufariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 alishona barua ndefu kwa nyuzi za sufu, herufi zote kubwa, bila nukta wala mkato, juu ya vipande vya vitambaa alivyoviunga. Moja ina urefu unaopita mita nne. Ni barua za mtu aliyekasirika kwa kuwekwa mahali asipopataka. Alifariki mwaka 1912, na barua zake sasa zimehifadhiwa katika makumbusho za jimbo la Norfolk.

Na Brazili, mtu mweusi, Arthur Bispo do Rosário, aliyepata kuwa baharia, alilazwa mwishoni mwa miaka ya 1930 katika hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili jijini Rio de Janeiro iitwayo Colônia Juliano Moreira. Alifumua sare za buluu za hospitali uzi mmoja mmoja, na kwa uzi huo akadarizi mabango, mavazi na joho moja kubwa ambalo upande wa ndani limeandikwa majina ya watu aliowajua. Alifariki mwaka 1989. Miaka sita baadaye, mwaka 1995, kazi zake ziliiwakilisha nchi yake katika maonyesho ya sanaa ya Venice, na hospitali ile leo ina makumbusho yenye jina lake.

Watu hawa watatu hawakujuana. Kilichowaunganisha ni kwamba walinyang'anywa neno wakalirudisha kwa uzi. Tangu hapo wasanii wengi wa nguo wamekuwa wakirejea katika kazi hizo kila wanapotaka kueleza maisha ya ndani ya hospitali za zamani.

Tiba au kazi ya bure?

Kulikuwa na sababu ya sindano na uzi kupatikana ndani ya hospitali hizo. Katika Ulaya ya karne ya 19 ilienea rai kwamba mgonjwa wa akili asifungwe minyororo, bali apewe utaratibu, hewa safi na kazi. Nyumba ya York Retreat, iliyofunguliwa Uingereza mwaka 1796 na jamaa wa William Tuke, ilikuwa mfano wa mwanzo. Kuanzia mwaka 1831 daktari William Ellis aliwapa wagonjwa wa hospitali ya Hanwell, karibu na London, kazi za shamba, karakana na kushona, na akaona wengi wanatulia.

Rai hiyo ilikuwa na rehema ndani yake. Mikono inaposhughulika, moyo hupumzika. Kila mama aliyewahi kusuka mkeka akiwa na majonzi anaijua hali hiyo. Lakini hospitali zilipojaa, rehema ikachanganyika na hesabu. Wanawake walipelekwa dobi na vyumba vya kushona, wanaume mashambani na katika karakana za viatu. Mashuka ya hospitali, magauni ya wagonjwa na chakula cha jikoni, sehemu kubwa ilitoka katika jasho lao, na mara nyingi bila ujira. Aliyefanya kazi vizuri mno alikuwa na hatari ya pekee: hospitali haikuwa na haraka ya kumruhusu aende kwao. Nchini Marekani shauri hilo lilifika mahakamani, na mwaka 1973, katika kesi ya Souder dhidi ya Brennan, mahakama iliamua kwamba wagonjwa wanaofanya kazi za taasisi wanastahiki kulindwa na sheria za mishahara.

Upo mwisho mwingine wa kutisha zaidi. Katika Ujerumani ya Hitler, mgonjwa alipimwa kwa kile anachoweza kuzalisha. Waliohesabiwa kuwa hawafai kazi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandikwa katika orodha za mauti. Kati ya mwaka 1940 na 1941, zaidi ya wagonjwa 70,000 waliuawa kwa gesi. Katika mkusanyo ule wa Heidelberg zimo kazi za watu waliouawa kwa mpango huo. Hapo ndipo panapofika jamii inayosema kwamba thamani ya mtu ni kazi yake.

Basi kazi moja, kushona, yaweza kuwa dawa, yaweza kuwa unyonyaji, na yaweza kuwa kipimo cha kumhukumu mtu. Tofauti haimo katika sindano. Imo katika maswali matatu: Je, mgonjwa amechagua? Je, anapata haki yake? Je, asipoweza kufanya kazi, heshima yake inabaki?

Bimaristani za Waislamu

Maswali hayo si mageni kwa umma wetu. Karne nyingi kabla ya Hanwell, miji ya Kiislamu ilikuwa na bimaristani, hospitali zilizoendeshwa kwa mali ya wakfu. Nuru al-Din alijenga ya Damascus mwaka 1154. Sultani Qalawun alijenga ya Cairo mwaka 1284, yenye sehemu za maradhi mbalimbali pamoja na maradhi ya akili. Wanahistoria wanaeleza kuwa mgonjwa aliyepona alipotoka humo alipewa kitu cha kumsaidia, ili asilazimike kurudi kazini kabla ya nguvu kumrejea. Tazama namna jambo lilivyopinduliwa: badala ya mgonjwa kuifanyia kazi hospitali, hospitali ilimwondolea haraka ya kazi.

Katika mji wa Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid II alikamilisha mwaka 1488 majengo yenye msikiti, madrasa na hospitali. Msafiri Evliya Çelebi, aliyefika huko katika karne ya 17, ameeleza jinsi wagonjwa wa akili walivyotulizwa kwa sauti za ala, harufu za maua na mchirizi wa maji. Majengo hayo yapo mpaka leo na ni makumbusho ya tiba.

Na kabla ya wote hao, Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni inayomshukia mtu bila sababu anayoijua. Aliihesabu nafsi kuwa yaweza kuugua kama mwili unavyougua, na kwamba hakuna aibu katika kuitibu.

Msingi wa haya yote umo katika mafundisho tuliyoyasoma tangu chuoni. Sura ya An-Nisaa, aya ya tano, inapozungumzia mali za wasioweza kuzisimamia, haikuishia kwenye mali tu. Imeagiza walishwe, wavishwe, na waambiwe maneno mema. Chakula, nguo na neno jema vimewekwa pamoja. Anayempa ndugu yake mgonjwa sahani ya ugali dirishani, kisha akamwacha na nguo iliyochanika na kumwita mwehu mbele ya watoto, ametimiza theluthi moja ya agizo.

Kutoka Lutindi hadi Mirembe

Historia yetu ya hospitali za akili ni fupi kuliko hiyo. Katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 nyumba ya Lutindi kwa watoto waliokombolewa utumwani. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Lutindi ingalipo, na kazi za shamba, chai na mikono zimekuwa sehemu ya tiba yake. Mathari ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927 chini ya utawala wa Kiingereza, na leo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili.

Baada ya uhuru Tanzania ilijaribu njia yake yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa wagonjwa waliopata nafuu, cha mwanzo kikiwa Hombolo, nje kidogo ya Dodoma. Mgonjwa aliishi humo, akilima na kufanya kazi za mikono, karibu na jamaa na wanakijiji wa kawaida. Fikra ilikuwa kwamba mtu haponi kwa kutengwa, na kwamba jembe lake la zamani ni sehemu ya njia ya kumrudisha nyumbani.

Funzo la Blida

Lipo tukio moja ambalo kila Mwislamu anayeshughulika na wagonjwa angefaa kulijua. Mwaka 1953 daktari kijana, Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, alianza kazi katika hospitali ya Blida nchini Algeria, wakati huo koloni la Ufaransa. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu alianzisha sherehe, gazeti la wodi, kushona na kufuma. Baada ya muda mfupi wodi ikachangamka.

Akapeleka utaratibu huo huo kwa wanaume Waislamu. Haukufanya kazi. Wagonjwa walikaa kimya, na kazi ya kusuka waliyoletewa waliiona kuwa ni ya kike. Fanon na mwenzake Jacques Azoulay hawakusema kwamba wagonjwa ni wajinga. Mwaka 1954 waliandika kwamba kosa lilikuwa lao: walichukua desturi za watu wengine wakawavisha hawa kama nguo isiyowaenea. Wakabadili njia. Wakaweka mkahawa wa kienyeji, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamleta msimulizi wa hadithi, na waliotaka kulima wakapewa ardhi. Ndipo watu wakaanza kuzungumza.

Funzo ni kwamba kazi haitibu kwa kuwa ni kazi. Inatibu inapokuwa na maana kwa anayeifanya.

Ufipa, nchi ya wafumaji

Hapa ndipo tunaporudi Rukwa. Kabla ya ukoloni, Wafipa walijulikana kwa mambo mawili ya ufundi: kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, na kufuma nguo za pamba. Misafara ya biashara kutoka pwani ilileta merikani na kaniki, baadaye zikaja nguo za viwanda, na ufumaji ule ukafifia. Mafundi cherehani na wauza vitenge wa leo wamekaa juu ya historia ndefu ya uzi.

Mfumaji hutandika kwanza nyuzi za urefu, mtande. Kisha hupitisha nyuzi za upana, mshindio. Uzi mmoja ukikatika, mfumaji hatupi nguo nzima. Huutafuta, huufunga, akaendelea. Mgonjwa wa akili katika ukoo ni uzi uliokatika, na wajibu wa ukoo ni kuufunga.

Jina la Sumbawanga lenyewe wenyeji hulieleza kuwa ni wito wa kutupa uchawi. Ni jina lenye hekima kwa mada hii. Familia ngapi, mtoto wao anapoanza kusikia sauti wasizozisikia wengine, huanza kwa kutafuta nani amemroga? Miezi hupita, mali huuzwa, jirani hutuhumiwa, na mgonjwa hufikishwa hospitali akiwa amekwisha kudhoofika, pengine na alama za kamba mikononi. Sisi tunaamini katika dua na Qur'ani kuwa ni shifaa. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha pia kutafuta dawa. Kisomo hakimfukuzi daktari, na kamba si kisomo.

Yanayoweza kufanyika nyumbani

Kwanza, tiba itangulie. Sindano ya kudarizi haichukui nafasi ya dawa. Mgonjwa afikishwe kituo cha afya kilicho karibu, naye akihitaji zaidi apewe rufaa ya hospitali ya mkoa Sumbawanga. Safari ya Dodoma ni ndefu na ya gharama, lakini wengi hawatahitaji kufika huko iwapo wataanza mapema na hawatakatisha dawa wanapoona nafuu.

Pili, apatapo utulivu aulizwe alikuwa akifanya nini kabla ya kuugua. Fundi arudishiwe kitambaa, mkulima arudishiwe tuta, aliyekuwa akishona kofia kwa mkono apewe kofia. Kazi iwe ndogo, yenye mwisho unaoonekana siku hiyo hiyo. Mikasi na sindano zitumike mbele ya mtu mzima anayemwamini, na zihesabiwe bila kumdhalilisha.

Tatu, alipwe. Kofia yake ikiuzwa, fedha ni zake. Kama hawezi kuzitunza, mlezi azitunze kwa amana na amwonyeshe zilikokwenda. Dini yetu imekataza kuchelewesha ujira wa mfanyakazi, wala haikumtoa mgonjwa katika hukumu hiyo.

Nne, kazi yake isomwe. Agnes Richter aliishi hospitalini zaidi ya miaka ishirini, na walioisoma nguo yake kwa makini walikuja baada ya yeye kuondoka duniani. Ndugu yako akishona rangi usiyoielewa, akichora au akirudia jina moja mara kumi, muulize. Huenda ndiyo barua yake.

Tano, siku asiyoweza kufanya lolote, asilaumiwe. Sheria ya Mwenyezi Mungu imemwondolea kalamu aliyeondokewa na akili mpaka itakapomrudia. Iwapo Mola wake hamwandikii, sisi ni nani tumwandikie?

Tunazishauri pia kamati za misikiti na akina mama wa madrasa, Kasesya na kwingineko, kufikiria wakfu mdogo: cherehani moja, robota la vitambaa, na mtu wa kukaa na wagonjwa waliopata nafuu siku mbili kwa wiki. Bimaristani za Damascus na Cairo zilisimama kwa mali za wakfu, na wakfu huanza kwa mtu mmoja kutoa alichonacho.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atulinde ndimi zetu zisiyafanye maradhi ya waja wake kuwa mzaha. Amin.